Risasi za Kanga

Kabla ya kuhamia Queensburgh, viungani mwa Durban, sikuwa nimegusa kitu chochote cha bunduki. Nilikuwa nimezisikia tu. Kwetu, upande wa Uvira, mtoto hujua mapema ipi ni bunduki ya askari wa serikali na ipi ni ya wale wa milimani, na hujua ni lini alale chini na ni lini aendelee kutwanga. Nilifika Durban nikiwa na masikio hayo. Mlango wa gari ukibamizwa, mwili wangu unashuka wenyewe kabla akili haijauliza kitu.

Mimi na mume wangu tulipanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya wazee wawili, Wahindi wa pale pale Durban. Mtaa mzima uliwaita kwa Kiingereza mjomba na shangazi, nasi tukawaita Anko na Anti. Anko alikuwa amefanya kazi miaka mingi Pinetown, kwenye kiwanda cha kutengeneza vipuri, mpaka akastaafu. Anti alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkali kwa takataka na mwepesi wa kucheka, na kila jioni aliwasha taa ya mafuta mbele ya picha za miungu yake. Mume wangu alikuwa mlinzi kwenye jengo la magorofa huko Morningside. Mimi nilisuka nywele Pinetown, katika saluni ya mama mmoja Mkongomani. Binti yetu alizaliwa tukiwa pale, na Anti ndiye aliyemlea nilipokuwa kazini. Neno la kwanza mtoto alilolisema vizuri halikuwa mama wala papa. Lilikuwa *thatha*, babu kwa Kitamil, na alimwambia Anko.

Starehe ya Anko ilikuwa kuwinda kanga. Alikuwa na rafiki mwenye shamba la miwa nje ya mji, na msimu ukifunguliwa alikwenda huko na bunduki yake ya marisau, ya mtutu mmoja, ambayo siku nyingine zote ilikaa ndani ya kabati la chuma. Risasi hakununua. Aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa akayajaza upya mwenyewe ndani ya gereji, kwa mashine ndogo ya mkono iliyofungwa kwenye meza.

Niliingia gereji ile kwa sababu ya vidole vyake. Jumapili moja nilikuwa nafua nje, nikasikia kitu kikimwagika, kisha vikombe vidogo vya plastiki vikaja vikiviringika mpaka kwenye beseni langu. Nikaviokota, nikaingia gereji na kiganja kimejaa. Anko alikuwa amepiga magoti sakafuni, anajaribu kuviokota, na vidole vyake vilivyovimba kwenye maungio havikamati.

"Wewe unasuka nywele," akaniambia. "Una vidole. Mimi nina ndizi. Kaa hapo."

"Anko, mimi naogopa bunduki."

"Bunduki iko ndani, imefungiwa. Hapa kuna makopo tu."

Nikakaa. Baada ya hapo nilikaa Jumapili nyingi, baada ya kutoka kanisani, miaka kadhaa. Kazi yenyewe ni ya kujirudiarudia, kama kusuka. Ganda tupu linawekwa kwenye mashine, fataki iliyokufa, ile inayowasha baruti, inasukumwa itoke, mpya inaingia. Anko alimimina baruti mwenyewe, hakuniruhusu kuigusa. Kisha zamu yangu: kizibo cha plastiki, kile kikombe kidogo chenye mbawa nne, kinakaa juu ya baruti. Ndani ya kikombe yanamiminwa marisau, vidonge vya risasi kama punje za mtama. Mkono wa mashine unavutwa chini na mdomo wa ganda unakunjwa kama maandazi ya pembe tatu. Imekwisha.

Vizibo vile vilikuwa vya zamani. Anko na ndugu yake, ambaye sasa ni marehemu, walivinunua kwa magunia duka moja la silaha lilipofunga, mimi nikiwa bado msichana nyumbani kwetu. Kiwanda kilichovitengeneza hakikuwepo tena. Vingine vilikuwa bado vyeupe, vingine vimegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Plastiki huzeeka, Anko alinifundisha, hata ikikaa gizani. Basi kila kimoja nilikipinda ubawa kwa ukucha. Ukirudi, kizima. Ukikatika au ukilia kama ganda la yai, kibovu. Vizima viliingia kwenye bakuli la Anti. Vibovu viliingia kwenye mfuko wa unga uliowekwa chini ya meza, kwa sababu Anko hakuweza kutupa kitu chochote alichokinunua.

"Si unaweza kununua vipya?" nilimwuliza siku moja.

"Vya sasa si vibaya," akasema. "Lakini hivi nilivibeba mabegani na ndugu yangu. Acha viishe."

Mara moja alitupeleka shambani, mimi na mume wangu, tuone kazi yetu inavyoishia. Kanga waliruka kutoka kwenye miwa kwa kelele zao za bati, Anko akapiga, na mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye tope, mikono masikioni, sijui nimekaaje. Anko alifungua bunduki, akatoa ganda, akaiweka juu ya nyasi mbali na mimi. Hakucheka. Alinisubiri mpaka nikasimama. Kisha kila alipotaka kupiga alinigeukia kwanza akasema, "Sasa."

Siku hiyo hiyo risasi moja haikulia kama nyingine. Ilitoa sauti ya mtu anayekohoa, na moshi kidogo. Anko akasimama kama aliyegongwa. Akavunja bunduki katikati, pale inapokunjika ili kujazwa, akainua mtutu kuelekea mbinguni, akachungulia. Kisha akaniita nami nichungulie. Badala ya kuona mwanga, niliona kidude cheupe kimekwama katikati ya bomba.

"Kizibo kimepasuka," alisema. "Nguvu ya baruti imepitia pembeni, kikabaki humo. Ukisikia kikohozi hiki, usipige tena. Ya pili inakutana na hiki, bomba linapasuka, linakula mkono wako. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Alikisukuma kwa fimbo kikatoka. Jioni tulikula mchuzi wa kanga wa Anti, mume wangu akauma kidonge cha risasi, wote tukacheka alivyokitema kwenye sahani na kukitazama.

Hayo ndiyo maisha tuliyokuwa nayo mpaka mwaka 2015.

Mwaka ule sisi wageni tuligeukiwa na wenyeji. Ilianza kwenye vitongoji, tukasikia kwa simu, kisha ikaingia mjini. Wageni walitolewa vyumbani mwao, maduka yakavunjwa, wengine wakauawa. Picha zilikuja kwenye simu moja baada ya nyingine mpaka nikaacha kuzifungua, kwa sababu katika moja nilimtambua mtu kwa shati lake. Mama wa saluni alifunga mlango akatuambia tusije mpaka atakapotuita. Mume wangu alirudi kutoka Morningside na sare yake ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye taksi, yale mabasi madogo ya abiria, hakuwa amefungua kinywa njia nzima, asisikike lafudhi.

Anko alituondoa chumba cha nyuma siku hiyo hiyo. Alitupa chumba cha ndani, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Anti alibeba godoro la mtoto mwenyewe.

"Nani atakuja Queensburgh?" alisema Anti. "Hapa hakuna atakayekuja." Lakini alikuwa amekwisha kufunga mapazia yote.

Kesho yake asubuhi Anko akaniita gereji. Nilimkuta amekwisha kupanga maganda mezani. Mahali pa kopo la punje za mtama palikuwa na kopo lingine, la vidonge vikubwa ambavyo sikuwahi kuviona, kila kimoja kama punje ya mbaazi.

"Kaa," akasema.

Sikukaa. "Anko, hivi ni vya ndege gani?"

"Si vya ndege."

"Basi mimi sitaweka mkono."

Akaniangalia. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza ukungu wa mtoto wa jicho, alilitegemea la kushoto, na kila alipokutazama sawasawa alikuwa anageuza uso kidogo.

"Nafanya hivi kwa ajili yenu," akasema. "Kwa ajili ya mumeo. Kwa ajili ya yule mtoto."

"Najua, Anko. Ndiyo maana sitaki. Sitaki mtu afe halafu niambiwe ni kwa ajili yangu. Nimetoka huko."

"Wakija, utawaambia hivyo?"

Nilisema tu, "Samahani, Anko," nikarudi ndani. Mpaka wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nasikia mkono wa mashine kupitia ukutani, ukishuka na kupanda, polepole kuliko nilivyozoea, ukisimama mara kwa mara kitu kinapomdondoka. Bakuli la vizibo nilivyochagua lilikuwa na vichache. Baadaye nilijua alipotoa vingine. Labda hakukumbuka ule mfuko wa unga ulikuwa wa nini, labda alikumbuka akaona vinafaa. Kwa jicho lile lililobaki, ufa mwembamba kwenye plastiki haukuonekana.

Jioni ya siku iliyofuata, jua bado lipo, tulisikia watu. Si kelele za vita. Ilikuwa sauti ya miguu mingi na ya wanaume wanaozungumza kwa nguvu, wanapanda mlima kutoka barabara kuu. Mume wangu alichungulia pembeni ya pazia.

"Iko watu wanakuja," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wengi. Mama, chukua mtoto."

Nilimchukua nikaingia naye kwenye korido, mahali pasipo na dirisha. Anti alikuja akakaa sakafuni karibu nasi, akamshika mtoto miguu. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Mume wangu akasema, "Anko, hapana, rudi," na Anko akamwambia abaki ndani, wakimwona yeye ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Kisha sauti yake nje, getini, akiwapigia watu kelele warudi walikotoka.

Kisha kile kikohozi.

Nilikitambua hata kabla hakijaisha. Nilimsukumia Anti mtoto, nikakimbia, nikapiga kelele: "Anko, usipige! Usipige tena!" Nilifika mlangoni. Alikuwa amekwisha kuvunja bunduki, amekwisha kutumbukiza risasi nyingine, anaifunga. Hakuchungulia mtutu. Mtu aliyenifundisha mimi, wote wawili tukiwa shambani na hakuna haraka, hakuchungulia.

Ya pili haikulia kama bunduki. Ililia kama bati la paa likianguka juu ya saruji. Anko alikaa chini. Alikaa taratibu, kama mtu anayekaa kupumzika, na mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa umeshika mtutu, haukuwa mkono tena.

Watu barabarani walikuwa wamelala chini, wengine wamejificha nyuma ya magari. Mmoja akainuka. Kisha mwingine. Walikuja wakaruka geti. Mume wangu alisimama mbele yangu, nami nikafikiri basi, ndiyo sasa. Lakini yule wa kwanza alipiga magoti karibu na Anko, akavua koti la ovaroli yake, akalizungusha kwenye mkono ule akalikaza. Kifuani palikuwa na jina la kiwanda.

"Eish, baba," alikuwa anasema. "Baba, ulitaka kumpiga nani? Tunatoka kazini. Taksi hakuna. Tunatembea tu."

Walikuwa wafanyakazi wa Pinetown wanaokwenda nyumbani kwa miguu, kwa sababu madereva walikuwa wameacha kupita. Mwenzake alitusikia mimi na mume wangu tukisemezana, akajua sisi ni nani. Alinitazama kwa muda.

"Ingia ndani, dada," akasema. "Funga. Si kila atakayepita ni kama sisi."

Hospitalini walikata kilichobaki cha mkono. Kipande cha chuma kilikuwa kimeingia kwenye jicho la kushoto, lile zuri, na hilo nalo wakalitoa. Kilichobaki kwa Anko ni lile la ukungu, ambalo lilimwonyesha dirisha na mtu anayepita mbele ya dirisha, basi.

Polisi walikuja wakachukua bunduki, mashine, magunia na kila kitu. Waliuliza nani alijaza risasi zile. Anti, ambaye alikuwa hajalala, alininyooshea kidole. Sidhani alikusudia ubaya. Siku zote alikuwa akiniona nikiingia gereji. Afisa mmoja alinihoji jikoni, akataka kujua natoka wapi na nani alinifundisha mambo ya baruti. Nilimwambia zile nilikataa. Aliniangalia kama mtu anayesikia hadithi. Nilikaa na hofu hiyo mpaka Anko alipoweza kusema, naye akawaambia akiwa kitandani, Anti akiwa amesimama pale: "Nilijaza peke yangu. Yeye alikataa kukaa."

Hivyo nikawa huru kwa polisi. Kwa Anti ndipo nilipofungwa.

Alinisubiri nyumbani, kwenye meza ya jikoni. "Ulikataa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Anti."

"Alikuomba, akiwa na macho yale, ukamwacha?"

"Zilikuwa za kupiga watu, Anti."

"Zilikuwa za kuwalinda nyinyi. Ungekaa, ungeviona vilivyopasuka. Wewe ndiye ulikuwa unaviona. Mume wangu angekuwa na mkono wake." Hakupaza sauti. Alikuwa anapangusa meza iliyokwisha kuwa safi. "Naomba mwondoke. Mtoto akiniita nitashindwa kuwaambia tena, kwa hiyo naomba leo."

Tuliondoka siku ile ile. Tulikwenda kwenye mahema waliyowekewa wageni uwanjani, tukalala juu ya nyasi zilizolowa na mamia ya watu wengine, Wakongomani, Warundi, Wamalawi. Mtoto alikohoa wiki nzima. Kila aliposikia mzee anaongea nje ya hema alisema, "Thatha?" Mume wangu alitaka tupande mabasi ya kurudi. Nilimwuliza kurudi wapi. Mahema yalipofungwa tulipata chumba mjini, familia mbili na pazia katikati, na saluni ikafunguliwa tena, na wanawake wale wale wakaja kusukwa wakiniuliza nilikuwa wapi.

Wakati wa baridi Anti alipiga simu. Hakusalimu. "Anamtaka mtoto," akasema.

Nilimpeleka. Anko alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, kidonda cha mkono kimeharibika na homa haimtoki. Mtoto aliogopa kwanza, kisha akapanda kitandani. Anko alimpapasa kichwa kwa mkono uliobaki, akifuata mistari ya nywele mpaka mwisho.

"Umesuka wewe?"

"Ndiyo, Anko."

"Vizuri." Akafumba jicho mpaka nikadhani amelala. Anti alikuwa jikoni, maji yanatiririka. "Wanasema nilipiga juu, kuwatisha tu," akasema.

"Ndivyo tunavyojua."

"Sikupiga juu. Ile ya kwanza niliwalenga. Katikati yao. Kile kizibo kingekuwa kizima..." Aligeuza uso kwangu kwa mazoea, kana kwamba lile jicho la kushoto lingalipo. "Usimwambie Anti."

Nilimwahidi. Alikufa kabla baridi haijaisha. Walimchoma siku iliyofuata, kama ilivyo desturi ya Wahindu, nami nilisimama nyuma na wanawake, kichwa nimefunika, na hakuna aliyejua mimi ni nani isipokuwa Anti.

Baada ya muda alitupigia tena, akasema chumba cha nyuma kimekaa bure na nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Mume wangu alifurahi. Tukarudi. Anti alimchukua mtoto asubuhi nilipokwenda Pinetown, alinipikia, aliniuguza nilipopata malaria iliyokuwa imelala mwilini tangu nyumbani. Lakini mara nyingine nikimkuta mezani, macho yake yanatua kwenye vidole vyangu na kukaa hapo, nami nilijua anachofikiri. Ningeweza kumwambia. Neno moja tu lingenitoa kifungoni: kwamba kama ningekaa nikachagua vizibo vizuri, kungekuwa na maiti barabarani, labda ya yule yule aliyemfunga mumewe mkono. Lakini ili nitoke mimi ingebidi aingie Anko, na mjane alikuwa amebakiwa tu na kumbukumbu ya mzee aliyepiga hewani kuwatisha watu.

Sikumwambia. Tuliishi naye mpaka alipohamia kwa binti yake, na sasa yeye pia amefariki, ndiyo maana naandika. Siku ya kuhama alimpa mtoto wangu bangili yake moja ya dhahabu. Mimi alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akaiachia, akaingia kwenye gari.